Kati ya Magunia Mangapi?

Fuso lilikuwa limeshapakiwa. Magunia 100 ya mahindi ya Bugiri, kila moja kilo 100, turubai limefunikwa na kamba zimekazwa, dereva ameshamaliza chai yake na anasubiri foleni ya forodha isogee. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Machi 6, 2021, upande wa Uganda wa mji wa Busia. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Kundi letu la WhatsApp la wafanyabiashara wa nafaka wa pande zote mbili za mpaka, ambalo Jumamosi huwa na salamu na picha za harusi tu, lilikuwa linawaka moto.

Mtu alikuwa amerusha skrinshoti ya kichwa cha habari. Sentensi nzima nimeisahau, lakini maneno matatu yamenikaa hadi leo: Uganda, mahindi, saratani.

Jana yake, Ijumaa, Kenya ilikuwa imesimamisha mahindi yote yanayotoka Uganda na Tanzania, kwa maelezo kwamba vipimo vilionyesha sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliyopita kiwango. Kufika saa sita mchana bei upande wetu ilikuwa imeporomoka, na mnunuzi wangu wa Kenya, mtu ambaye kwa kawaida hunipigia simu kabla sijanawa uso, hapokei tena. Palikuwa na mama mmoja wa ng'ambo ambaye huvuka kila siku kununua gorogoro mbili tatu, yale makopo ya kupimia ya kilo mbili, za kwenda kuuza. Alisimama mbele ya rundo la mahindi, mikono nyuma kama mtu aliyeonyeshwa maiti.

"Haya ni ya kwenu?"

"Mama, umeyala ya kwetu miaka minane."

"Sikuwa najua," akasema, akaondoka.

Nilikasirika sana. Nieleze kwa nini, maana hasira yenyewe ilikuwa ya kikazi. Sisi watu wa nafaka tuna kifaa kinaitwa bambo: kipande cha chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma kwenye gunia, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, unaziangalia, unazinusa, unaing'ata moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea kama sabuni, mrudishie mwenyewe mali yake. Sokoni kwetu mnunuzi akichoma gunia moja tu halafu akatangaza bei ya gari zima, tunajua ama anatafuta kupunguziwa ama hajui kazi. Lazima uchome ya juu, ya kati na ya chini, ya mlangoni na yale yaliyobanwa ndani kabisa nyuma ya kichwa cha gari. Kwa hiyo nilipoisoma ile skrinshoti swali langu la kwanza lilikuwa la mchoma bambo: wamechoma magunia mangapi? Mabovu ni mangapi, kati ya mangapi? Yametoka wilaya gani, msimu gani? Nchi nzima imegeuzwa gunia moja.

Niliandika maneno makali kwenye kundi. Niliwaita waandishi majina ambayo sitayarudia hapa.

Hajati ndiye aliyenishika breki. Tunashirikiana stoo, yeye ni Mnubi mzaliwa wa Bombo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hana subira na watu wanaopiga kelele. Gari liliporudishwa Jumatatu akasema, "Kabla hujaendelea kutukana watu, tuyachome yote."

Tukayachoma yote 100. Kazi ya siku nzima, wapakizi wanashusha, mimi nachoma, Hajati ananusa. Palipo na shaka tulitumia chupa ya chumvi: unaweka punje kavu za chumvi na kiasi cha mahindi kwenye chupa safi, unatikisa, unaacha dakika kumi na tano, chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Gunia la 31 lilinitia baridi. Bambo lilitoka na punje zenye vumbi la kijani lililofifia pale kwenye kiini, na harufu ya udongo wa kaburi jipya. Halafu la 32, la 35, na la 36. Yote manne yametoka kwa mkulima mmoja, ambaye, nilipompigia simu, alikiri mvua ilimkuta ameanika kando ya barabara, juu ya ardhi tupu.

Manne kati ya 100. Na hayo ni yale ambayo jicho linaweza kuyaona. Sumu yenyewe haionekani, haina ladha, na ukiipika ugali haiishi. Kuna mahindi yanang'aa kama meno ya mtoto na sumu imo ndani yake. Inapimwa kwa mashine tu, na kipimo cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni. Jaribu kuwaza bilioni halafu uniambie pua ya Hajati ingefanya nini hapo.

Basi nikalazimika kukubali jambo lililoniuma: kile kichwa cha habari hakikuwa uongo. Sumukuvu ipo. Inaharibu ini, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kuleta saratani. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Yule mama wa gorogoro hakuazima hofu yake gazetini. Ina makaburi nyuma yake. Kosa la kichwa kile lilikuwa jingine. Kilimwambia kwamba kitu kipo, hakikumwambia ni kiasi gani, wapi, wala afanye nini. Akaacha mahindi yetu akaenda kununua mengine yasiyo na jina la nchi, ambayo hakuna aliyeyachoma hata gunia moja.

Jumatano, Machi 10, Kenya ilifungua tena kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya 10, na ijulikane mahindi yametoka wapi. Masharti ya maana kabisa, na mimi hapo ndipo nilipoanza kununua turubai za kuwagawia wakulima wangu. Lakini hakuna aliyerusha skrinshoti ya habari hiyo kwenye kundi. Nilisikia kwa dereva.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ijumaa ile ile ya Machi 5, wakati barua ya mahindi inatoka Nairobi, ndege ilitua Entebbe na dozi 864,000 za chanjo ya AstraZeneca, za kwanza kufika Uganda. Na Jumatano ile ile ya Machi 10, mpaka ulipofunguliwa, chanjo ilianza kutolewa hospitali ya Mulago, Kampala. Walianza wahudumu wa afya, na waliofuata kwenye orodha ni walimu, askari, wazee na wenye maradhi ya kudumu. Mjomba wangu alikuwa anaingia kwa milango miwili: ana miaka 65 na ana sukari. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anaishi karibu na Lumino, na kijiji kizima humwita Mwalimu, pamoja na mkewe.

Jumatatu ya Machi 15 Ujerumani, Ufaransa na Italia zilisimamisha chanjo hiyo kwa muda, zikifuata nyayo za Denmark. Kesho yake skrinshoti ikanifikia. Damu kuganda. Vifo. Nchi za Ulaya zasitisha. Sikusoma habari yenyewe, nilisoma kichwa, nikabonyeza, nikaituma kwenye kundi la familia, na chini yake nikaandika kwa mkono wangu: "Mjomba, usiende kwanza. Wazungu wenyewe wamekimbia."

Akajibu, "Sawa mwanangu."

Angalia tarehe. Siku kumi tu zilikuwa zimepita tangu niwatukane watu kwa kuchoma gunia moja na kutangaza bei ya gari zima. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi wiki ile nilikuwa nguruwe na mrusha mkuki kwa zamu.

Na habari kamili ilikuwepo, aya chache tu chini ya kichwa. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikuwa imesema kwamba mpaka Machi 10 kulikuwa na taarifa 30 za watu walioganda damu, kati ya watu karibu milioni 5 waliochanjwa, na kwamba watu huganda damu hata bila chanjo. Alhamisi ya Machi 18 wakasema faida ya chanjo inazidi hatari yake, nchi nyingi zikaendelea. Hiyo nayo niliiona. Nikashusha pumzi, nikarudisha simu mfukoni. Sikuituma. Sijui kwa nini sikuituma, na nimejiuliza mara nyingi. Nadhani habari ya kutisha huleta hamu ya kuwa mtu wa kwanza kumwambia mwingine. Ya kutuliza haina haraka, utamwambia mkionana. Hatukuonana.

Juni ikaja na wimbi la pili. Wanaokumbuka Juni ile hawahitaji maelezo: Juni 18 nchi ilifungwa siku 42, na matangazo ya vifo yalikuwa yanasomwa redioni mpaka mtangazaji anakaukiwa sauti. Watu wale wale tulioogopa sindano mwezi wa tatu tulikuwa tunapiga simu kuuliza nani anajua musawo, yaani daktari au muuguzi, aliyebakiwa na dozi. Mjomba alianza na kikohozi. Siku ya nne akashindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, na kwa mtu aliyefundisha miaka thelathini na ushee hiyo ilitosha kututia kwenye gari. Alilazwa siku kumi na moja kwenye hewa ya mtungi. Mkewe, Mama Mwalimu, alikuwa akiuangalia ule mshale wa kipimo cha mtungi kama sisi tunavyoangalia mizani.

Alipona. Alirudi nyumbani shingo imekuwa nyembamba, kola ya shati inamzunguka kama pete iliyolegea.

Siwezi kudai kwamba ujumbe wangu ndio uliomlaza. Huenda angechanjwa na bado akaugua. Dozi moja haikuwa ngao ya chuma. Huenda hata bila mimi angeahirisha. Nikisema skrinshoti ile ilimponza nitakuwa nimerudia lile lile, mgonjwa mmoja, hukumu ya gari zima. Ninachojua ni kwamba aliniamini, na mimi nilikuwa sijasoma.

Nilikwenda kumwona Agosti, barabara zilipofunguliwa. Nilibeba sukari, sabuni, na kilo chache za mahindi meupe. Alikuwa kibarazani na daftari la shule mapajani. Hakunigombeza. Walimu wa hesabu wana namna yao.

"Mizani ya dukani kwa jirani kaiazime," akasema. "Nataka robo kilo ya hayo mahindi, kamili."

Nikaleta. Tukaanza kuhesabu punje, tukizipanga kumi kumi juu ya jamvi. Alikuwa anapumzika kila baada ya mistari mitano. Kuku walikuja mara mbili wakavuruga hesabu, mara ya pili Mama Mwalimu akawafukuza kwa kandambili. Tukapata 760.

"Kwa kilo?"

"3,040."

"Tuseme 3,000. Kwa gunia lako la kilo 100?"

"300,000."

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa umeanza kutetemeka, lakini alama ya kuzidisha bado ilikuwa imenyooka. "Sasa. Ile habari uliyonitumia. Watu milioni 5 ni magunia mangapi?"

Nikapiga. Kumi na saba kasoro kidogo.

"Na punje zilizotajwa?"

"30."

"Hesabu 30, weka kiganjani."

Nikaweka. Hazikujaa hata katikati ya kiganja. Nikatazama ukutani kwake ambako magunia kumi na saba yangefika dirishani, nikaangalia tena kiganja changu.

Akaendelea, maana alikuwa ameshafuatilia habari kuliko mimi. Mwezi wa nne wataalamu wale wale walikubali kwamba kuna aina moja ya kuganda damu, ya nadra sana, ambayo chanjo ile inaweza kuisababisha. Walikuwa wamepitia kwa undani wagonjwa 86, kati yao 18 wamekufa, na waliochanjwa kwa jumla ni watu milioni 25 hivi. "Magunia 83," akasema kabla sijatoa simu. "Karibu punje moja kwa kila gunia. Baadaye hesabu ilipanda ikafika mmoja katika laki moja. Haya, tuseme punje tatu kwa gunia. Usiseme si kitu. Aliyepata punje ile ana mama yake."

Kisha akaomba gorogoro. Makadirio ya watafiti, yaliyotokana zaidi na takwimu za nchi tajiri, yalikuwa yanasema mtu wa miaka 65 akiambukizwa korona, hatari ya kufa ni kama 1.4 katika kila 100. Akanipa kazi ya kuligeuza hilo kuwa gunia. Punje 4,200. Kilo moja na gramu 400. Mahindi niliyokuja nayo yalitosha. Nikayapima, nikayamimina, gorogoro ikafika pungufu kidogo ya robo tatu.

Tukaviweka viwili jamvini: punje tatu, na gorogoro. "Na hiyo ni kabla hujaongeza sukari yangu," akasema. Halafu akamwita Mama Mwalimu achukue mahindi akapike nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, asipoteze chakula kwa sababu ya hesabu.

Tangu siku ile nimekuwa msumbufu wa vichwa vya habari, na nimegundua vina ujanja wao kama madalali. Mmoja niliuelewa kwa msaada wa musawo wa kituo cha afya cha karibu na stoo yetu. Nilimkuta amechoka, asubuhi hiyo wanawake watatu walikuwa wamekataa sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu ya kitu walichokiona kwenye simu. Akanisimulia mambo ya Uingereza, Oktoba 1995. Madaktari na wanawake walitangaziwa kwamba vidonge vipya vya kupanga uzazi vinaongeza mara mbili hatari ya kuganda damu. Mara mbili! Wanawake wengi waliacha vidonge siku hiyo hiyo. Mara mbili ya nini, hakuna aliyeuliza. Ilikuwa mwanamke mmoja katika 7,000, ikawa wawili katika 7,000. Mwaka uliofuata, England na Wales peke yake zilikadiriwa kuwa na utoaji mimba 13,000 zaidi. Na mimba yenyewe, musawo akaniambia huku akifunga rejista, huongeza hatari ya kuganda damu kuliko vidonge vile.

Nilimwelewa haraka kwa sababu ya biashara yangu. Gari la magunia 100 likitoka gunia bovu moja likawa na mawili, ubovu umeongezeka mara mbili. Likitoka 40 likawa na 80, nao umeongezeka mara mbili. La kwanza nitalinunua nikatoe hayo mawili. La pili silisogelei. Kichwa cha habari kitayaandika yote kwa maneno yale yale.

Soseji nazo zilipitia mlango huo Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilipoziweka kwenye kundi moja na sigara. Kijana anayetukaangia rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pale stendi alikaa wiki nzima na soseji hazinunuliwi. Kundi lile linahusu uhakika wa ushahidi, si ukubwa wa hatari: wataalamu wana hakika soseji zinachangia saratani, kama walivyo na hakika kuhusu sigara. Kiasi ni habari nyingine. Waliosema hatari inaongezeka kwa asilimia 18 walimaanisha kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, na huko Uingereza, ambako watu kama 6 katika 100 hupata saratani ya utumbo mpana maishani, hiyo inawasogeza hadi 7. Wateja wa yule kijana walihama wakaenda kula chipsi, na nusu yao wakavutia sigara hapo hapo mlangoni. Nilicheka, lakini mwaka 2015 mimi mwenyewe niliacha soseji kwa wiki mbili.

Ujanja mwingine ni wa ramani, na huo mtu wa mpakani anauonja kila mara. Septemba 20, 2022 ilitangazwa Ebola wilayani Mubende. Mlipuko ule ulikuwa wa kweli na mbaya: hadi ulipotangazwa kwisha Januari 11, 2023, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walikufa, baadhi yao wahudumu wa afya. Uligusa wilaya 9 katika nchi yenye wilaya zaidi ya 130. Vichwa vya habari vilisema Uganda, basi. Madereva wa ng'ambo walianza kunisalimia kwa kiwiko, mwingine akaweka pesa juu ya gunia nizichukue mwenyewe. Mnunuzi mmoja tu, mzee wa Bungoma, aliuliza swali la mtu mzima: "Gari lako limepita wapi, na dereva amelala wapi?" Nikamjibu kwa heshima zote, maana Jinja ilikuwa kwenye orodha ya wilaya zile na gari letu lilikuwa limepita Jinja. Yeye nilimpa bei nzuri.

Mwishoni mwa 2024 ilikuwa zamu ya Bundibugyo, magharibi kabisa mwa Uganda, ule ugonjwa wa kutetemeka ulioitwa Dinga Dinga. Watu kama 300, wengi wanawake na wasichana, na hakuna kifo kilichoripotiwa. Shemeji yangu alinipigia kutoka Mombasa kuuliza kama tunaweza kusimama. Kati ya Bundibugyo na Busia kuna Uganda nzima.

Na wakati wote huo, kwenye nyumba za wapakizi wangu, mtu anaumwa malaria. Mwaka 2021 nchi yetu peke yake ilikadiriwa kubeba asilimia 5 ya wagonjwa wote wa malaria duniani. Katika miaka yangu yote kwenye lile kundi la WhatsApp sijawahi kupokea skrinshoti yake hata moja. Mpakizi akikosa siku mbili tunasema tu "ana malaria," tunatafuta mwingine.

Nimeyaacha yale magunia manne mwisho kwa sababu bado yananikera.

Jumatatu ile ya Machi 2021, baada ya kuyatenga, sikujua niyafanyeje. Kabla ya hapo, na nisijifanye mtakatifu, nimewahi kuchanganya: gunia lenye harufu unalimwaga katikati ya mazuri kumi, linapotea. Wengi kwenye kazi hii wanajua ninachosema. Safari hii Hajati alikataa. Jirani wa stoo akaja kuyaomba ya kuku. Nikamwambia sumu ile inadhuru hata kuku. Akacheka, akasema kuku hawasomi magazeti.

Nikawaambia wapakizi wayaburute nyuma ya stoo, karibu na shimo, ili kesho tuyachome moto. Jioni ilikuwa imefika, kafyu inaanza saa tatu, kila mtu anakimbilia kwake. Mji mzima ulikuwa hauongelei kitu kingine: mahindi yenye sumu, mahindi ya saratani, redio zote, simu zote, pande zote mbili za mpaka.

Asubuhi nilipofika na mafuta ya taa nilikuta mawili.

Pale yalipokuwa yamelala mengine mawili palikuwa na alama za buti, na punje chache zenye vumbi la kijani zimedondoka kwenye tope, zinaelekea kwenye njia ya panya inayotokea mtaa wa Sofia. Nilizifuata hatua kama hamsini mpaka mahali ambapo njia inagawanyika mara tatu, nikasimama hapo nimeshika dumu langu la mafuta, nikisikia mashine za kusaga unga wa posho zinaanza kuwashwa.